Sista Yasinta Aliyetukataza Kusema "Kuchomwa"

Baada ya miaka thelathini na nne ya kuvaa gauni jeupe la uuguzi, Sista Yasinta Ndahani anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Wodi ya saratani itapoa kidogo, maana kicheko chake kilikuwa kinafika kabla yake.

Alianzia zahanati moja huko Chemba, akapita wodi ya wazazi, mwisho akaja kwetu. Sisi wahudumu wenye watoto wachanga hatutamsahau. Alikuwa anatufukuza kabisa twende tukanyonyeshe, huku yeye anatupigia deki. Na deki yake, tuseme ukweli, iliacha madimbwi.

Lakini kubwa ni hili. Tulipoanza kuunganisha tiba za saratani ya matiti, yaani kemo, mionzi na dawa ya kuamsha kinga ya mwili, alikuja mama mkulima kutoka Chemba, Paskazia. Mmoja wetu akamweleza kama tulivyozoea: utachomwa dripu, utachomwa sindano ya kinga, halafu utachomwa mionzi. Mama wa watu akakaza kanga yake, akaondoka. Alisema nyama choma anaijua, na yeye siyo mbuzi.

Uvimbe ule haukuwa wa kusubiri. Sista Yasinta akamfuata mpaka stendi, akamkuta ameshapanda basi. Akapanda na yeye, akaketi kando yake, akamsalimia kwa Kisandawe, lugha ya kwao Paskazia. Vile vidoko vya ulimi vikamshinda, basi zima likacheka, hata Paskazia. Hapo ndipo akamwambia: kemo ni kupulizia dawa shamba zima la mtama, mionzi ni kummulika mdudu pale alipojificha, na dawa ya kinga ni kuwaamsha walinzi waliosinzia, wale wanaofukuza ndege shambani. Kuchoka kupo, kutapika kupo, hakumficha. Moto hakuna. Basi likaondoka bila wao, konda akinung'unikia viti vyake viwili vitupu.

Tangu siku ile Sista alilipiga marufuku neno hilo: ukisema "kuchomwa" wodini, adhabu yako ni kuimba mbele ya wagonjwa. Daktari Ernest ameimba kuliko kwaya. Sasa wote tunasema "kumulikwa", na wagonjwa hawatukimbii tena.

Paskazia alimaliza tiba zote, akafanyiwa na upasuaji. Majibu ya mwezi uliopita yanasema saratani haionekani! Alipiga vigelegele mpaka askari wa getini wakaja mbio.

Ahsante sana, Sista wetu. Mungu akujalie uzee wenye afya na wajukuu wasumbufu. Paskazia ametutuma tukwambie kwamba alizeti ya mwaka huu anavuna mwenyewe, kwa mikono yake yote miwili, na debe la kwanza la mafuta analileta nyumbani kwako Ipagala, mpaka mlangoni.