Mapasa wa Lubondja na Kifungo Changu

Pa benchi mbele ya birika ya kahawa ya mama Constance, hapa Baraka, bote banajua kazi yangu: mi njo nachoraka ekra, kile kioo cha tablete yenye infirmière wa maternité anaandikia batoto benye banazaliwa. Banajua na aibu yangu. Wiki iliyopita mama mumoya wa kijiji cha Lubondja alizaa mapasa, batoto babili. Infirmière akaandika wa kwanza, akafinya kifungo, ekra ikajaa maua niliyochora mi mwenyewe: «Uzazi umekwisha. Hongera!» Wa pili alikuwa bado tumboni. Akazaliwa muzima, lakini bila namba ya tablete, na bila namba hakuna chanjo. Siku ya chanjo mwenzake akadungwa; yeye akarudishwa Lubondja hivi hivi.

— Ni rezo, ni mtandao, akasema Guy, fundi wa radio, tunamwitaka Antenne. Ile namba inapandaka kwanza Minembwe. Mulima ule! Itabeba mutoto mumoya tu.

— Hapana, akasema Alphonse wa taxi-moto, tunayemwita Directeur hata kama hajawahi kuwa na bureau. Bazee balisema haraka haina Baraka. Ule wa pili alikuwa na haraka. Angezaliwa muji wa Fizi.

Claudette, mwenzangu wa kazi, akaweka kikombe chini.

— Si rezo. Mbele ya kuanza kazi ya ekra nilikuchorea karatasi. Kila kiduara ni hali moya ya ekra, kila mushale ni kufinya mara moya. Ukifuata kwa kidole unaona: ukishafika «amezaliwa», hakuna mushale wa kuongeza mwingine. We ulisema nini?

Benchi yote ikanigeukia.

— Nilisema... karatasi haina rangi.

— Sema yote.

— Nilisema viduara ni vya batu ba hesabu. Mi niko artiste.

Directeur akacheka mupaka kahawa ikamutoka puani.

— Artiste wa maua!

— Lakini leo asubuhi nimetengeneza! Nimeongeza kifungo: «Mutoto wa pili». Cha kijani. Infirmière amepiga telefone Lubondja, mama atashuka kesho, mutoto apate chanjo.

Bakanipigia makofi. Antenne akanijazia kikombe. Nikaanza kujiona muntu.

Godelieve, mukunga wa Nundu aliyekuja kujifunza ile tablete, alikuwa ndiyo anafika. Akaomba aone kifungo. Akakiangalia sana.

— Ni kizuri. Na kama ni batatu?

Antenne akaangalia mulima. Mi nikasogea karibu na Claudette, nikamuuliza pole pole:

— Ile karatasi yako: kiduara cha kwanza, banakianziaka wapi?