Mtu wa Mungu Kando ya Ganga

Vasundhara alikuwa anatoka zamu ya usiku hospitalini, na ndani ya basi la Banaras alichotaka ni kimya tu. Akakikosa. Kiti cha mbele yake, kijana mwenye beji ya kuongoza watalii alikuwa akimwonyesha jirani yake, mzee wa kofia ya sufu, picha kwenye simu.

"Tazama, mzee. Mgeni wangu kaipiga, na huko kwao imepata zawadi. Mtu wa Mungu kando ya mto Ganga, katulia tuli! Wanasema sisi ni watu wa amani."

Mzee akaisogeza simu machoni. "Kanyolewa kichwa, kaachiwa kishungi. Shuka jeupe, jipya, limelowa. Huyu si mtu wa Mungu, mwanangu. Huyu katoka kuchoma maiti ya mzazi wake."

"Najua."

"Unajua?"

"Si nimezaliwa hapa hapa? Mgeni aliniuliza kama yule bwana ana amani. Alikuwa amefurahi mno, mzee, nikamwambia ndiyo."

Ukarimu gani huu, aliwaza Vasundhara, wa kugawa msiba wa mwenzio.

Mzee akavua kofia. Nywele ndiyo kwanza zinaota, kishungi kimebaki kisogoni. "Mama yangu. Leo siku ya kumi na saba. Hebu niangalie, na mimi nimetulia?"

Kijana akailaza simu kifudifudi pajani. Basi likasimama. Nje wageni sita walikuwa wakimpungia kijana, kamera shingoni. Mzee aliinuka ashuke. Alipofika mlangoni akaivaa tena kofia yake, akaivuta mpaka masikioni.