Ndoo Iliyofungwa Pumzi

Hebu piga picha kidogo. Ni asubuhi, kuna benchi la mbao nje ya kibanda cha kahawa, na hapo amekaa fundi cherehani, yule wanayemwita Sindano. Povu limemkaukia kwenye nyusi. Mkononi ana kikombe cha kahawa. Bia ya kwanza aliyojitengenezea nyumbani imelipuka sebuleni alfajiri ya leo, na mfuniko wa ndoo umenasa kwenye dari. Kibaya zaidi, sebuleni humo lilikuwa limetundikwa gauni jeupe la harusi, na mwenyewe analifuata leo.

— Gauni je? aliuliza Kinyozi, jirani yake.

— Halina hata tone. Nimelihamishia chumbani. Ila moyo wangu, ndugu yangu, bado haujarudi mahali pake.

— Mimi nilijua transfoma, alisema Waya, fundi umeme. Nikashika bisibisi kabisa. Sasa ndoo inalipukaje?

Sindano akakwangua povu kwenye nyusi.

— Jana nilitia hamira. Nikachomeka mpira, ncha moja kwenye mfuniko, nyingine kwenye chupa ya maji, kama nilivyoelekezwa. Jioni maji yakawa yanabwabwaja kama yako motoni, na moto hakuna. Mara povu likapanda mpaka kwenye mpira. Nikaona, hee, bia inavuja.

— Ukafanyaje?

— Nikaifunga. Mpira nikaukunja, nikauzungushia uzi wa jinzi. Mfuniko nikaukaza kwa lastiki ya kiunoni.

— Yaani umeivalisha suruali, alisema Kinyozi.

— Kazi yangu mimi ni kuziba panapoachia. Ningejuaje?

Waya akaweka kikombe chini, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

— Huo ni umeme. Uzi na lastiki vimesuguana, vikatoa cheche.

— Cheche kwenye maji? alidakia Kinyozi. Hiyo hamira imelewa, bwana. Inakula sukari, inakunywa humohumo, dirisha hakuna. Wewe usingevunja mlango?

— Basi kila anayeumua unga wa mkate analala na bomu.

— Unadhani mwokaji wetu upara kaupata wapi?

Sindano hakucheka. Kila akifumba macho alisikia ule mshindo. Alipoyafumbua, msichana alikuwa amesimama mbele ya benchi, mkoba begani. Bibi harusi mwenyewe.

— Shikamoo, fundi. Nimesikia habari. Gauni langu li salama?

— Marahaba, mwanangu. Salama salimini. Liko chumbani.

— Afadhali. Na bia yote ilikuwa kwenye ndoo hiyo moja?

Kinyozi akamtazama Waya. Waya akamtazama Sindano. Sindano hakumtazama mtu. Alikuwa anaiona ndoo ya pili, pale miguuni pa kitanda, uzi juu yake, lastiki juu yake, na pindo la gauni likiigusa.

Kikombe kilipofika chini, mwenyewe alishakata kona.

Kinyozi na Waya walimkuta mlangoni kwake akimkabidhi bibi harusi gauni, amelikumbatia kama mtoto mchanga. Kisha akarudi ndani peke yake. Mfuniko wa ndoo ya pili ulikuwa umevimba kama shavu la mtu anayepuliza moto. Akaufunika kwa taulo zito lililolowa, akageuza uso pembeni, akapeleka mkasi kwenye uzi.

— Taratibu, baba, alinong'ona bibi harusi kutoka nje.

Uzi ukakatika. Ndoo ikatoa pumzi ndefu, ndefu mno, na povu likatiririka kupitia mpira hadi sakafuni. Mfuniko ukashuka.

— Kumbe ilitaka kupumua tu, alisema Sindano, akakaa palepale kwenye povu.

Basi na wewe, siku ukijaribu, ukaona povu linapanda kwa fujo na mikono inakuwasha kuziba, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: iachie njia ya kutolea pumzi.