Musumeno wa Watu Wawili

Amani kwenu, hata nyinyi wa nyuma munaonong'ona. Pasta ameniomba niwaeleze vijana wanaobarikiwa mwezi huu, ndoa Mungu aliiweka ya nini. Mi shule niliacha mapema, nitasema yangu tu.

Wakati wa vita nilikuwa seremala pale Cibitoke. Vitanda vyangu vilisifiwa mpaka mutaa wa matajiri, Asiatique, lakini tusiende huko. Nilikuwa nimeoa miaka saba na hatuna mutoto. Nikawaza: Mungu alisema zaeni, huyu muke wangu hazai, basi ndoa imekufa. Nikapatana na shangazi zangu waje kumurudisha kwao nikishamaliza kazi moja. Yeye sikumwambia. Ndugu zangu, nilikula ugali wake kila siku na nimenyamaza vile.

Kazi yenyewe ilikuwa benchi za kanisa hili. Za zamani, wakimbizi waliolala humu walizifanya kuni za kupikia maharage, na maharage yale hata mi nilionja, kwa hiyo sisemi kitu. Magogo yalikuwako, lakini wapasuaji wangu wawili wamekimbia risasi. Na musumeno wa kupasua mbao unataka watu wawili: mumoja juu ya gogo, mumoja chini ndani ya shimo. Nikamuweka muke wangu chini. Si Biblia inasema ni musaidizi?

Musumeno ule, kila mutu anavuta upande wake, halafu analegeza mwenzake avute. Mi nilikuwa nasukuma. Ukakwama, ukapinda. Mara ya tatu akatoka shimoni, nyusi nyeupe kwa unga wa mbao, anacheka.

"Muzee, shuka we. Leo mi napanda juu."

Nikashuka. Jamani, kule chini! Unga machoni, unga mudomoni. Lakini yeye alivuta, akaniachia; nikavuta, nikamuachia. Mbao ikafunguka kama mukate. Tulipopumzika nikamuuliza, maana yeye ndiye anayejua kusoma, musaidizi ni kitu gani. Akachukua Biblia yake, akasoma pale Mungu anaona si vizuri mutu akae peke yake. Nikauliza, na watoto?

"Apana, hapa hawatajwi. Hapa ni wawili tu."

Halafu akafunga kitabu polepole. "Najua shangazi zako wanakuja. Nilitaka benchi ziishe kwanza, nisiiache kazi ya Mungu katikati."

Nikalia, nikasingizia unga.

Shangazi walikuja na kitenge cha kufungia vitu vyake. Nikawaambia: "Mukimuchukua huyu, muchukue na musumeno. Peke yangu siuwezi." Yule mukubwa akanitukana kidogo, akakaa kwenye benchi mupya, akaomba chai.

Namushukuru Mungu, na majirani waliotubebea magogo, na pasta wa wakati ule aliyetungojea. Na muke wangu, ndiye yule anayejificha uso. Watoto hatukupata, na siwadanganyi, iliuma. Lakini peke yangu sijakaa hata siku moja.

Basi vijana, vuta, halafu legeza. Na we bwana arusi, anzia shimoni.

Benchi ile inayoyumba pale mbele ni ya siku nilizokuwa nasukuma. Zingine zote tulipasua wawili.