Maziwa ya Mgonjwa wa Kaplong

Basi la Bomet lilipita polepole katikati ya ukungu na mashamba ya chai, abiria tukiwa nusu usingizini. Mbele yangu Nyabate, mchuma chai, alikuwa anampelekea dadake mgonjwa huko Kaplong mkebe wa maziwa ya unga. Aliyeketi kando yake, mama Chepkurui, alipakata kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando.

“Mpelekee maziwa ya hapa kwetu,” Chepkurui alisema.

“Hii iko na tarehe, mama. Yako nitajua aje kama ni safi?”

“Ng'ombe yangu naweza kukuonyesha. Ya hiyo mkebe umeona wapi?”

Nyabate alitazama ukungu. “Dadangu amekataa kila chakula. Naogopa kukosea.”

Kaplong, basi likasimama. Nyabate akashuka na mkebe wake. Chepkurui, aliyelipa nauli hadi Bomet, akamfuata na kibuyu.

“Twende tumuulize mwenyewe,” akasema.