Mwalimu Ndambiri na Mwezi wa Februari

Mchungaji, wazee wetu, majirani, na nyinyi mliotoka Maua alfajiri ili muwe nasi, mimi ni Cicily, kitindamimba wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya baba yetu.

Mwalimu Ndambiri Munyi alizaliwa tarehe 12 Aprili 1954 hapa Runyenjes, mtoto wa tatu wa wakulima wa kahawa, akasoma papa hapa, akahitimu ualimu mwaka 1976, akatumwa Maua kufundisha historia, na huko akampata mama yetu Gacheri, wakafunga ndoa tarehe 15 Desemba 1979, wakajaliwa Munene, Kanini na mimi.

Mwaka 1988 alienda Marekani kusoma, baadaye tukamfuata, akaajiriwa katika shule ambayo mwalimu Mweusi alikuwa yeye peke yake. Kila Februari, mwezi wa historia ya Weusi, alipandishwa jukwaani, picha za mashujaa zikatundikwa ukutani, na Machi ikiingia zinarudishwa kwenye sanduku. Mwaka 1995 alichoka, akasema tukiwa mezani, "Mwaka huu siendi. Watu wangu si wa siku ishirini na nane." Mimi, nikiwa na miaka tisa, nililia, nikamwambia, "Baba, enda tu. Ni mwezi huo pekee wenzangu huniuliza kwetu ni wapi." Aliweka kijiko chini, nikajua nimemuumiza.

Alienda. Tarehe mosi Machi alienda tena, mapema, akazitoa picha sandukuni akazitundika upya, wakuu wa shule wakaziondoa, akazirudisha, akaandikiwa barua ya onyo, hadi Mei ndipo wakaziacha, na mwaka uliofuata historia hiyo ikafundishwa mihula yote. Akiulizwa kama mwezi ule ufutwe, alikataa, akisema binti yake asinyang'anywe mmoja kabla hajapewa ile mingine kumi na mmoja.

Alistaafu mwaka 2014, akarudi hapa Runyenjes kwenye kahawa yake, na kila Jumamosi akawafundisha watoto wa kanisa habari za Waembu na Wameru. Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu, akatutoka tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na jirani yetu Salesio, aliyempeleka hospitali kila Jumanne na Ijumaa bila kunung'unika.

Baba, siku ile sikukushukuru kwa kwenda. Asante. Lala kwa amani.