Chaki ya Pimamaji

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la vipuri, upande ambao jua haliufikii mpaka saa tisa. Mchana, duka likifungwa kwa mapumziko, tunakuwa watu walewale: Mzee Faili, karani mstaafu, Brashi, fundi rangi, ambaye nywele zake zina alama ya kila nyumba aliyowahi kuipaka, Mama Birika anayetuuzia kahawa, na mimi, ambaye kazi yangu hapo ni kusikiliza. Siku hiyo Randa, seremala wa karakana ya ngazi iliyo mtaa wa pili, alikuja na barua ndani ya bahasha. Saa nane alitaka kuipeleka kwa bosi wake, kuomba mwenzake mmoja afukuzwe kazi. Mwenzake huyo wanamwita Pimamaji, kama kile kifaa cha mafundi cha kupimia unyoofu, kwa sababu machoni pake hakuna kitu kilichonyooka.

—Ama yeye, ama mimi, alisema Randa. Karakana haitutoshi.

—Kafanya nini tena? Brashi akauliza.

—Anagonga. Nikimaliza ngazi, huyo anakuja na kidole chake, ko, ko, ko, kidato kwa kidato, kichwa kakiinamisha kama daktari. Halafu anasema, "Hiki kinalia vibaya." Anachora msalaba wa chaki. Mbele za watu.

—Ikishachorwa?

—Aliyeitengeneza ndiye anayeikata. Kwa msumeno wake mwenyewe, katikati, isije ikapandwa na mtu. Wiki hii nimekata tatu. Miaka kumi na minne niko kwenye mbao, leo nakata kazi ya mikono yangu kama kuni.

Jambo kama hilo mtu hawezi kulijibu kwa pupa, ingawa mwishowe ndivyo tulivyofanya.

—Anataka cheo, alisema Mzee Faili. Nimekaa ofisini miaka thelathini na moja. Mtu anayekosoa sana, ujue kuna kiti anakitazama.

—Kwetu hakuna vyeo, mzee wangu. Kuna bosi na sisi sita.

—Basi anakitazama kiti cha bosi.

—Kiti cha bosi kimelegea mgongo. Pimamaji mwenyewe alishasema kikatwe.

Brashi alisogea karibu, akatazama kulia na kushoto.

—Nyie mnaona karibu. Huyo katumwa. Kuna karakana nyingine inataka yenu ife. Ngazi tatu kwa wiki, piga hesabu ya mwaka.

—Lakini yeye hakati, nikasema. Anayekata ni Randa.

—Ndio ujanja wenyewe. Msumeno una alama za vidole vya Randa. Za Pimamaji utaziona wapi?

Mzee Faili aliomba barua, akachomoa kalamu, akaongeza mstari.

—Anakula na nani? aliuliza Mama Birika.

—Peke yake. Kaugeukia ukuta.

—Ehe.

—Na ana daftari, Randa akaendelea. Kila ngazi inayotoka anaiandika: namba yake, nani kaitengeneza, inaenda kwa nani. Wala bosi hajamwagiza.

—Majina yenu yamo?

—Yamo.

—Na tarehe?

—Na tarehe.

Mzee Faili akaweka kikombe chini taratibu.

—Kwa mujibu wa uzoefu wangu, huyo si seremala. Huyo ni mpelelezi.

—Apeleleze ngazi, mzee?

—Ngazi inapanda juu, kijana. Na huko juu ndiko kwenye madirisha ya wakubwa.

—Na huko kugonga, Brashi akadakia kwa sauti ya chini, mmeshajiuliza anamgongea nani?

Hakuna aliyekuwa amejiuliza. Mimi Pimamaji nilimjua kwa sura tu. Nilikuwa nikimwona asubuhi akinywa kahawa hapo, amesimama, na kikombe hukirudisha akiwa amekifuta. Niliona haki ni kulisema hilo. Likawa kosa. Wote walimgeukia Mama Birika.

—Kumbe ni mteja wako?

—Wa kila siku. Aliwahi kuniambia birika langu linavuja.

—Linavuja?

—Kidogo.

—Mmeona? alisema Randa. Hata birika halikusalimika.

Wakati huo alikuwa amefika dada mmoja mwenye mkanda wa koleo na bisibisi kiunoni, begani kabeba mviringo wa waya. Benchi lilikuwa limejaa, akachukua kahawa yake akasimama pembeni. Brashi alimpima kwa macho toka viatu hadi kilemba.

—Dada, unamsubiri mtu?

—Nasubiri duka lifunguliwe.

—Anasema duka, Brashi akatunong'oneza, kana kwamba hatukusikia.

Randa hakushusha sauti. Nadhani alikuwa ameshachoka kuonewa, na alitaka tujue kwamba hata yeye anaweza.

—Ila juzi nilimkomesha. Kaichora chaki ngazi yangu ndefu, ya vidato kumi na viwili, nimeipaka vanishi mara mbili inang'aa. Eti kidato cha tisa. Nikamwitikia vizuri kabisa. Alipougeukia ukuta wake kula, nikachukua kitambaa chenye maji, nikafuta. Nikaipanga na zile nzima. Jioni gari likapakia.

Brashi alimpa mkono. Mzee Faili alisema huko ndiko kukata rufaa. Mama Birika alimjazia kikombe bila kuombwa. Nami, nakiri, nilicheka.

—Na iko wapi sasa? aliuliza yule dada.

—Nini?

—Hiyo ngazi.

—Imeshatoka.

—Imetoka kwenda kwa nani?

Randa alifungua mdomo.

—Lile gari lilikuwa na ngazi ishirini. Nyingine za shule, nyingine za mafundi rangi, nyingine za watu wa...

Macho yake yaliishia kwenye ule mkanda wa koleo. Dada alikuwa akimtazama tu, bila ubaya, kama mtu anayesubiri chenji.

—Mimi wameniletea mpya jana, alisema Brashi. Ina vidato kumi. Nadhani ni kumi.

—Dereva atajua, nikasema.

—Dereva anapewa karatasi, Randa akajibu. Akishashusha, anaitupa.

—Na bosi? Mzee Faili akauliza.

—Bosi haandiki kitu.

Hakuna aliyeuliza ni nani anayeandika. Brashi aliinuka, akasema anakwenda mara moja kuangalia kitu nyumbani, akaondoka kwa hatua za mtu asiyetaka kuonekana anakimbia. Mama Birika alichukua simu yake, akamsomea Randa namba ya yule mteja wake wa kila siku. Randa akaibonyeza.

Simu ilipopokewa, aliyamwaga yote kwa pumzi moja: chaki, kitambaa, kidato cha tisa, gari. Kisha akasikiliza.

—Anasemaje? Mzee Faili akamnong'oneza.

Randa aliifunika simu kwa kiganja.

—Anasema naongea haraka mno, haelewi. Nianze upya, na nianze na namba ya ngazi.

Akafumba macho, akaanza upya.